Makala ya Mtaro wa Babu

Tjessum, 14 Oktoba 2019

Kwa Shangazi yangu Hiske,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limepona tangu ulipoanguka na baiskeli. Sisi hatujambo. Mama amebadilishiwa zamu kwenye kliniki ya meno, kwa hiyo Jumatano napika mimi, na hakuna aliyelalamika bado. Baba amemaliza kuvuna viazi vya mbegu, ila mgongo unamsumbua. Babu Oene ametimiza miaka themanini na moja. Alikula vipande vitatu vya mkate wa sukari, kisha akasema hapendi sherehe.

Bi Terpstra, mwalimu wetu wa lugha, ametuagiza tuandikiane barua za karatasi na ndugu mmoja mwaka mzima wa shule. Nimekuchagua wewe. Nilitaka kuandika mambo ya kawaida, lakini nina jambo.

Unajua kwamba kwa miaka minane Babu amekuwa akipima chumvi kwenye mtaro wetu kila Jumatatu, kwa ajili ya Dk. Roelien Kuipers wa chuo chenu. Amepima kwenye mvua, amepima barafu ikibidi ivunjwe kwa shoka. Sasa makala yenyewe imetoka. Dk. Roelien alitutumia anwani yake na maneno ya shukrani. Babu alivaa miwani, akaketi mbele ya kompyuta, nami nikabonyeza. Ukafunguka ukurasa wenye jina la makala, majina ya waandishi na mistari minane ya muhtasari. Chini yake pameandikwa kwamba kuendelea kusoma ni lazima ulipe au uingie kupitia taasisi yako.

Babu akauliza, "Taasisi yangu ni ipi?"

Baba akamjibu, "Banda la viazi."

Walicheka, lakini Babu alivua miwani na hakurudi tena kwenye kompyuta siku ile.

Wewe ndiye unayefanya kazi maktabani kwenye ofisi inayoshughulikia mambo haya. Nilisikia vyuo vyetu vina mikataba ili makala zitoke wazi kwa kila mtu. Kwa nini hii imefungwa?

Mpwa wako,
Froukje

24 Oktoba 2019

Froukje mwanangu,

Marahaba. Goti ni zima, aibu ndiyo haijapona. Nilianguka mbele ya kituo kizima cha treni. Mwambie baba yako ajifunge mkanda wa mgongo ule niliompa, najua uko kabatini. Na wewe barua yako inaanza kama ya wakili wa mirathi. Usibadilishe, imenifurahisha.

Nikujibu swali lako. Zamani chuo kililipia kusoma tu. Siku hizi mkataba mmoja na mchapishaji unabeba mambo mawili: watu wa chuo wanasoma majarida yake yote, na makala wanazoandika wao zinatoka wazi kwa dunia nzima bila wao kutoa chochote mfukoni. Sharti ni hili. Kila makala, hata ikiwa na waandishi kumi, ina mmoja anayeandikiana na jarida. Huyo mmoja lazima awe mtu wa chuo. Makala ikishapita, ombi linafika maktabani kwenye orodha, linakubaliwa au linakataliwa.

Katika makala ya Babu, mwandishi wa mawasiliano si Dk. Roelien. Ni Profesa Harmen Boelstra, ambaye alistaafu tarehe mosi Septemba. Nadhani Roelien alimpa nafasi hiyo kama zawadi ya kuagwa. Wanasayansi wetu ndivyo walivyo: badala ya kumpa mtu maua wanampa kazi. Alitumia anwani yake ya nyumbani, mfumo haukumtambua kama mtu wa chuo, na mambo yakaishia hapo.

Pole kwa Babu. Ni mambo ya utaratibu, hayana ubaya na mtu. Nisalimie wote.

Shangazi Hiske

Tjessum, 13 Novemba 2019

Kwa Shangazi Hiske,

Shikamoo. Juzi watoto walipita na taa zao wakiimba mlangoni, kama desturi ya hapa kila Novemba, na Babu aliwapa machungwa akidai wamekosea ubeti wa pili. Mkanda tumeupata kabatini. Baba anauvaa, lakini juu ya sweta, ili kila mtu aone anavyoteseka.

Shangazi, sasa si suala la Babu kusoma tu. Jumatatu Bodi ya Maji ilitoa mpango wa kushusha maji ya mfereji mkuu kwa sentimita thelathini. Karatasi zimewekwa wazi kwenye ofisi yao wiki sita, mpaka tarehe 23 Desemba. Yeyote mwenye pingamizi aandike kabla ya siku hiyo. Uamuzi ni tarehe 22 Januari. Wewe umezaliwa hapa, sina haja ya kukueleza kilicho chini ya udongo wetu. Maji matamu ya juu yakipungua, ya chumvi yanapanda. Baba anasema shamba la kaskazini halitatoa mbegu hata moja itakayopita ukaguzi baada ya miaka miwili.

Na ushahidi upo. Muhtasari unasema hivyohivyo: kila maji yaliposhuka, chumvi ilipanda mtaroni. Nilikwenda na Baba kwa Bwana Tiemersma, katibu wa Bodi. Alisikiliza kwa adabu sana. Kisha akasema, "Waraka ambao jirani yako hawezi kuusoma mimi siwezi kuuweka mezani. Pingamizi linasomwa na wote linaowahusu. Hii imefungwa."

Baba akamwambia, "Imefungwa na nani? Vipimo vimetoka kwangu."

"Mimi sijaifunga, Durk. Mimi nina meza tu."

Tulirudi nyumbani. Jioni Dk. Roelien alikuja kuchukua daftari la mwezi. Baba akamwomba nakala. Akawa mwekundu mpaka masikioni, akasema Profesa amemkataza kugawa nakala kwa sababu ya mkataba waliotia sahihi na mchapishaji. Pia alisema jambo ambalo sikulielewa. Alisema Profesa aliomba makala itoke wazi, akapata ujumbe kwamba maktaba ya chuo imekataa ombi hilo, achague kulipa mwenyewe au kuifunga. Akaifunga, kwa sababu hakutaka kumsumbua mtu.

Wewe uliandika kwamba mfumo haukumtambua. Yeye anasema maktaba ilikataa. Umenieleza kila kitu vizuri, Shangazi, isipokuwa nani alikataa.

Froukje

3 Desemba 2019

Froukje mpenzi,

Marahaba, na samahani kwa kuchelewa. Huku mvua haijakatika tangu mwezi ulipoanza, paa la baiskeli linavuja juu ya tandiko langu peke yake. Nimenunua herufi za chokoleti za sikukuu kwa ajili yenu, kila mtu herufi ya jina lake. F yako imevunjika mkono mmoja, ila inalika.

Nimewaandikia wachapishaji mara nne. Mara ya kwanza nilijibiwa na mashine, ikanipa namba ya tarakimu kumi na moja. Mara ya pili nilijibiwa na mtu aitwaye Kevin, akaniomba ile namba. Mara ya tatu nilijibiwa na Priscilla, akaniambia Kevin si wa idara hii na akanipa namba mpya. Mara ya nne mashine ilirudi, ikaniuliza nimeridhika kiasi gani na huduma, moja mpaka kumi. Sikujibu, maana ningeandika neno, si namba.

Makala iliyokwisha kutoka ikiwa imefungwa inaweza kufunguliwa, lakini wanataka fomu iliyotiwa sahihi na mwandishi, na maktaba, na mhariri wa jarida, na mhariri yuko Melbourne. Wanasema wiki nane mpaka kumi na mbili.

Ipo njia nyingine. Sheria yetu inamruhusu mtafiti, baada ya miezi sita, kuweka nakala yake kwenye hifadhi ya chuo bila kumwomba mchapishaji. Hiyo itakuwa Aprili. Najua Januari inatangulia Aprili, usiniandikie hilo.

Salamu kwa Babu. Mwambie nalishughulikia.

Shangazi

Tjessum, 8 Desemba 2019

Kwa Shangazi Hiske,

Shikamoo. Hatujambo. Chokoleti imefika.

Hujajibu swali langu. Nilikupigia simu Alhamisi na Ijumaa, ikaita tu, halafu ukatuma picha ya paka.

Mimi pia nina jambo ambalo sijakwambia. Tarehe 20 Novemba kulikuwa na mkutano ukumbini, kaya zote thelathini na moja. Watu walikuwa wanakata tamaa. Bibi Gatske wa zizi la kondoo alisema, "Tusijisumbue. Wakubwa wakishaandika, wameandika." Nikasimama. Nikasema shangazi yangu ndiye anayeshughulikia mikataba hiyo chuoni, na makala itakuwa wazi kabla ya tarehe 23. Nilisema "itakuwa", sikusema "huenda". Walinipigia makofi. Tangu siku hiyo kila nikienda dukani mtu ananiuliza, "Vipi, shangazi amefungua?" Juzi aliyeuliza ni mtu wa kuleta mkate, na yeye hata haishi hapa.

Baba hajaniuliza kitu, na hilo ndilo baya zaidi. Zimebaki siku kumi na tano. Usinieleze tena kuhusu Kevin. Niambie ukweli tu, hata kama hausaidii.

Froukje

12 Desemba 2019

Froukje,

Nimemwomba bosi wangu nusu siku ili niandike barua hii. Nisamehe kwa kutokuanza na salamu.

Ni mimi. Tarehe 17 Septemba, saa nne asubuhi, kulikuwa na maombi arobaini na mbili kwenye orodha. Niliona Boelstra, nikaona anwani ya nyumbani. Nikatazama orodha ya wafanyakazi, hayumo. Nikabonyeza "kataa". Sikusoma jina la makala. Kama ningelisoma, ningeona Tjessum, kwa sababu limo kwenye jina.

Si hivyo tu. Mkataba wetu unasema kinachohesabika ni siku makala ilipopelekwa kwenye jarida, si siku ilipokubaliwa. Ilipelekwa Juni, na Juni Boelstra alikuwa profesa wetu. Hakukuwa na sababu yoyote ya kuikataa. Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu wawili kanuni hiyo. Siku barua yako ya kwanza ilipofika nilifungua kumbukumbu, nikaona jina langu pembeni ya neno "kataa", nikakuandikia kuhusu mfumo. Ni uongo wa watu wa ofisi. Unasema "mfumo" na hakuna anayeuliza zaidi. Wewe uliuliza.

Wakati wa mapumziko jana nilifanya jambo ambalo Profesa hakulifanya, wala Roelien, na nakiri wala mimi kwa miaka kumi na moja ya kazi hii. Nilisoma ule mkataba wa mwandishi na mchapishaji mpaka ukurasa wa mwisho. Hawaruhusiwi kuiweka makala mtandaoni, wala kuigawa kwa kundi, wala kumpa mtu mmoja aisambaze. Lakini kifungu cha tisa kinasema mwandishi anaweza kumpa nakala mtu yeyote anayemwomba yeye binafsi, kwa matumizi yake mwenyewe. Yeyote. Hakuna ukomo wa idadi. Nimemsomea Roelien kwa simu, akasema, "Kwa hiyo wakiniomba?" Nikamwambia, "Wakikuomba."

Sijui kama itamtosha Tiemersma. Siahidi chochote safari hii.

Barua hii unaweza kumsomea baba yako. Ningependelea usimsomee, lakini unaweza.

Hiske

Tjessum, 28 Desemba 2019

Kwa Shangazi Hiske,

Shikamoo. Natumaini umepumzika katika sikukuu, na kwamba paa la baiskeli limezibwa. Mama anauliza kama utakuja mwaka mpya. Nimemwambia sijui. Barua yako sijamsomea Baba. Niliisoma mara tatu, nikaiweka ndani ya atlasi. Nilikasirika siku mbili kamili, ila siku ya pili nilikuwa na shughuli nyingi.

Ilikuwa hivi. Jumamosi ya tarehe 14 nilizunguka nyumba zote thelathini na moja kwa baiskeli. Kwa kila mlango nilisema maneno yaleyale: mwombe Dk. Roelien nakala, wewe mwenyewe, kwa jina lako. Usimpe mtu wala usiombe kwa niaba ya mtu. Bibi Gatske alisema, "Mimi nisome makala ya chuo? Nitaielewa?" Nikamwambia asipoelewa atuulize. Akasema, "Niandikie basi hiyo barua." Nikamkatalia, lazima awe yeye. Aliniita mkaidi, akaenda kutafuta kalamu.

Wengine walituma baruapepe, wengine kadi za Krismasi. Mzee Wiebren alimwandikia Daktari, "Naomba makala, na heri ya sikukuu, na gari lako limeharibu nyasi zangu mwezi wa tano." Dk. Roelien aliwajibu wote, mmoja mmoja, mpaka tarehe 19. Mzee Wiebren amepata makala na msamaha wa nyasi.

Tarehe 20 tulipeleka pingamizi. Bwana Tiemersma akarudia yaleyale, kwamba waraka uliofungwa hauwezi kuwekwa mezani kwa kuwa wanaohusika hawawezi kuusoma. Baba akamwekea karatasi yenye sahihi thelathini na moja za watu walioisoma. Alizipitia zote. Halafu akasema, "Lakini mimi mwenyewe sijaisoma."

Baba akasema, "Kaombe."

Nasikia aliomba jioni ileile, na alianza barua yake na "Mheshimiwa Daktari". Pingamizi limepokelewa, lina namba. Namba fupi, Shangazi, ya tarakimu tatu.

Kuna jambo moja limebaki. Ukumbini watu wanawasema wachapishaji, na wengine wanamsema Profesa Boelstra, kwamba mzee alichezea kompyuta asiyoijua. Anaishi peke yake na hana wa kumtetea. Mimi najua si yeye. Sipendi kujua jambo hilo peke yangu.

Froukje

11 Januari 2020

Froukje mwanangu,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Mwaka mpya sikuja. Nilimwambia mama yako nina mafua. Sikuwa nayo.

Nimekwenda kwa Profesa Boelstra. Ni mtu mrefu, alinipa kahawa baridi, akanisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Nilidhani nimekosea mimi. Miezi minne nadhani hivyo." Hakusema zaidi, akanionyesha mkusanyiko wake wa makome. Nilitazama makome yote.

Tarehe 22 siwezi kuwepo. Siku hiyo tunaketi na wachapishaji kuandika upya mkataba wa miaka mitatu. Nimeomba kifungu kimoja kiingizwe: maktaba isiweze kukataa ombi kabla ya kuzungumza na mwandishi, na kosa likitokea lirekebishwe ndani ya siku kumi za kazi. Bosi ameniuliza kwa nini siku kumi. Nimemweleza kwa nini.

Nimeambatisha karatasi moja. Ni ya kusomwa ukumbini. Mpe baba yako aisome kwanza peke yake.

Hiske

Tjessum, 26 Januari 2020

Kwa Shangazi Hiske,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi hatujambo, ila Mama ameungua kidole kwa supu ya njegere, na Jumatano sasa zimekuwa Jumatano na Alhamisi.

Baba aliisoma karatasi yako akiwa amesimama bandani. Akaikunja, akanirudishia, akasema, "Utaisoma wewe. Mimi nitakwama katikati." Basi.

Tarehe 22 ukumbi ulijaa. Kabla ya wajumbe wa Bodi kuanza, Mzee Wiebren alisimama kumsema Profesa, na hapo nikaomba nafasi. Nikasoma: "Mimi Hiske Dijksma, binti wa Oene, ndiye niliyeikataa makala hii. Profesa Boelstra hakukosea. Mchapishaji hakukosea, kwa mara hii. Sikusoma jina la makala." Nilisoma mpaka mwisho.

Bibi Gatske akasema kwa sauti ya kusikika, "Hiske wetu?" Mtu wa nyuma akasema, "Anayefungua ndiye aliyefunga." Wakacheka kidogo, si vibaya. Kisha Babu akainuka kwa fimbo yake na kusema, "Mwanangu amekosea na amesema. Sasa tuendelee na chumvi, kiti hiki ni kigumu."

Tukaendelea na chumvi. Mjumbe mmoja alitaka kusema takwimu ni chache, na watu watano wakamtajia jedwali na ukurasa kwa pamoja. Bwana Tiemersma naye alikuwa na nakala yake, imepigiwa mistari. Waliamua maji yasishushwe. Watapima kwanza majira mawili ya baridi, kwenye mitaro sita, ndipo mpango urudi. Baba anasema huo si ushindi, ni kungojeshwa. Lakini ameagiza mbegu za shamba la kaskazini.

Makala imefunguliwa na wachapishaji jana. Kwenye barua pepe ya taarifa, Kevin naye alinakiliwa. Hakuna hata mtu mmoja kijijini aliyebonyeza, kila mtu alishaisoma.

Isipokuwa Babu. Yeye aliomba nakala kama wote, akaipata, akaiweka chini ya redio. Alisema anasubiri iwe wazi, hataki kusoma kwa ruhusa. Jana aliketi mbele ya kompyuta tangu chakula cha mchana mpaka giza, kidole kikifuata mistari. Nikamletea chai, ikapoa. Mwishoni akaniita.

"Hapa wamekosea," akasema. "Wanasema mtaro ulizibuliwa vuli ya 2015. Ulizibuliwa 2016, mimi nilikuwa ndani yake mpaka kiunoni. Ndiyo maana chumvi ilishuka mwaka ule, si mvua."

Nikamwambia labda ni jambo dogo.

"Si dogo. Lete karatasi, tumwandikie Daktari. Na useme kwa adabu, lakini useme."

Tumeandika mpaka nusu ya ukurasa wa pili. Anataka ujue kwamba ana mambo mengine mawili, na anauliza kama wewe utakuwa hapa Jumamosi kumtafutia vifungu vinavyosema masahihisho yanapelekwa kwa nani.

Mpwa wako,
Froukje